Nikaweke wapi pari zangu Lubumbashi, mahali nitakapolipwa?

"Salamu mtaalamu. Mimi ni fundi wa pikipiki, naishi Katuba, nina mke na watoto wawili. Nacheza pari ya mpira, yaani kamari ya matokeo ya mechi, franka 2,000 kwa siku, Jumamosi na Jumapili nafika 5,000. Nilikuwa nachezea kwenye kioski kimoja karibu na soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Wiki mbili zilizopita tiketi yangu ya mechi saba ilipita. Ilikuwa imeandikwa franka 96,000. Mechi moja katika hizo iliahirishwa kwa sababu ya mvua. Nilipokwenda kuchukua pesa, dada wa pale akaniambia ni 40,000 tu, tena kasha halina pesa, nirudi kesho. Kesho yake, eti mtandao hakuna. Siku ya tatu kioski kimefungwa. Tiketi ninayo bado. Sasa hapa mtaani kuna mtu anayepokea pari kwenye daftari, anatoa cote (namba inayozidishwa na pesa uliyoweka ukishinda) kubwa kuliko ajansi za kampuni za pari na analipa papo hapo. Rafiki yangu mwingine ananiambia niende ajansi kubwa za mjini kati, kwamba kule watu wanashinda sana. Mke wangu anataka niache kabisa, lakini mimi naona shida ni mahali tu. Nikaweke wapi pari zangu?"

Ndugu fundi, pole kwa kuzungushwa. Barua yako ina maswali matatu yaliyofungwa pamoja, na ukiyachukua kama swali moja utapotea njia. La kwanza ni kama kioski kilikuibia. La pili ni mahali gani mtu aliyeshinda analipwa bila kuambiwa rudi kesho. La tatu hukuliandika wazi, ila rafiki yako amelisema kwa niaba yako: kama kuna mahali pa kuwekea pari ambapo mtu anashinda zaidi. Mimi nimefanya kazi upande wa hesabu wa ajansi za pari hapa Lubumbashi, na sasa nawashauri watu kuhusu matumizi ya pesa zao. Nimeyaona mambo haya nikiwa ndani ya dirisha na nikiwa nje yake.

Tuanze na tiketi yako, kwa sababu tiketi ina tarehe ya mwisho na siku zinakwenda. Uliweka franka 2,000 na tiketi ikaandika 96,000. Maana yake cote zote saba zikizidishwa pamoja zilifika 48. Sasa, mechi ikiahirishwa na isipochezwa ndani ya muda uliowekwa na kampuni, kampuni nyingi haziiui tiketi nzima. Mechi hiyo inapewa cote 1, yaani inahesabiwa kama haikuwepo, na zile sita zilizobaki zinaendelea. Ukitoka kwenye 96,000 ukafika 40,000, cote imeshuka kutoka 48 hadi 20, na hilo linatokea pale tu mechi iliyotolewa ilipokuwa na cote ya 2.40. Chukua tiketi yako sasa hivi uitazame. Ukikuta mechi ya mvua ilikuwa na 2.40, dada wa kioski hakukupunja hata franka moja kwenye hesabu. Ukikuta namba nyingine, hapo una malalamiko ya haki na unapaswa kuyapeleka mbele. Muda wa kungoja mechi iliyoahirishwa unatofautiana, kampuni moja inangoja hadi kesho yake, nyingine siku mbili au tatu, na umeandikwa kwenye kanuni zao. Najua kanuni hizo ziko kwa Kifaransa na kwa herufi ndogo, lakini mstari huo mmoja unastahili kuusoma kabla ya kuweka pesa popote, hasa msimu wa mvua ambapo mechi za kwetu zinasogezwa mara kwa mara.

Kwa hiyo kwenye 40,000 nadhani kioski kina haki. Kwenye kutokulipa hakina haki yoyote, na hapa nataka uelewe kinachotokea nyuma ya dirisha, maana ukielewa utajua pa kwenda.

Vioski vingi vya pari si mali ya kampuni. Mtu wa kawaida, mwenye duka la vinywaji au duka jingine dogo, anapewa mashine na kampuni, anaweka dhamana, na anapata asilimia kwenye tiketi anazouza. Pesa iliyoko kwenye droo ni mtaji wake wa siku. Wiki ambayo timu kubwa zote za Ulaya zimeshinda, wacheza pari wengi wanapita kwa pamoja kwa sababu wengi wanachagua timu zilezile, na droo inakauka kabla ya saa sita mchana ya Jumatatu. Mwenye kioski makini anaipigia simu kampuni ili aongezewe. Asiye makini anangoja wale watakaopoteza jioni walete pesa ya kukulipa wewe. Na yuko wa aina ya tatu, anayechukua pesa ya ushindi wako akalipia karo ya watoto wake kwanza, kisha mtandao unakuwa "hakuna".

Lakini mashine ile haikuandika tiketi yako yenyewe. Namba ndefu iliyo juu au chini ya tiketi, pamoja na ile michoro ya mistari, imehifadhiwa kwenye kompyuta ya kampuni. Kama tiketi imetoka kwenye mashine ya kampuni, anayedaiwa kwa kawaida ni kampuni, na dada yule ni mlango mmoja tu wa kampuni hiyo. Kwa hiyo usikae unalinda kioski kilichofungwa. Tafuta ajansi nyingine yenye jina lilelile la tiketi, ikiwezekana ile kubwa ambayo ndiyo ofisi yao ya mji, uwape namba waipime kwenye mashine yao. Sekunde chache zitatosha kukuambia kama tiketi imeshinda, ni kiasi gani, na kama imekwisha kulipwa. Hilo la mwisho liangalie sana. Kama mashine inaonyesha "imelipwa" na wewe hujapokea kitu, basi mtu wa kioski ameichukua pesa yako, na mazungumzo yanabadilika.

Kabla hujaenda, ishughulikie karatasi yenyewe. Tiketi hizi hazichapwi kwa wino, ni karatasi inayobadilika rangi kwa joto. Ukiiweka juu ya dashibodi ya gari, kwenye mfuko wa suruali unaoloa jasho au karibu na oili ya gereji yako, itakuwa nyeusi yote au nyeupe yote, na hakuna karani atakayeisoma. Plastiki ya kubandika nayo inaiharibu. Piga picha tiketi nzima, andika namba yake kwa bic kwenye daftari, kisha iweke ndani ya kitabu mahali pa baridi. Picha hiyo ibaki kwako peke yako. Vijana wengi wanaweka tiketi iliyoshinda kwenye status ya WhatsApp ili wenzao waione, namba ikiwa wazi kabisa. Tiketi ya ajansi kwa kawaida haina jina la mtu, anayelipwa ni anayeileta, na kuna karani asiye mwaminifu anayeweza kulipa namba tu bila karatasi.

Sasa swali lako la mahali. Watu wanachagua ajansi kwa kuangalia televisheni ngapi ziko ukutani, viti, na cote zilizoandikwa mlangoni. Mimi ningekuambia ukae mahali hapo Jumatatu asubuhi, bila kucheza, kama nusu saa. Wanaoweka pesa wanapokelewa vizuri kila mahali, kwa hiyo hao waache. Watazame wanaokuja kuchukua. Je, karani anapima tiketi, anahesabu, anatoa? Au anamwita mtu pembeni na kumnong'oneza? Ukiona watu wawili wakiambiwa "rudi jioni", umepata jibu lako bila kupoteza hata franka mia.

Kisha tazama ukuta. Ajansi iliyo halali inabandika karatasi zake: namba ya RCCM, yaani daftari la biashara, namba ya utambulisho wa taifa, ile Id. Nat., namba ya kodi, na ruhusa ya kuendesha michezo ya pari. Huhitaji kuwa mwanasheria. Linganisha jina lililo kwenye karatasi hizo na jina lililochapwa kwenye tiketi. Yakilingana, una mtu wa kumshitaki. Yasipolingana, au ukuta ukiwa na picha za wachezaji tu, unampa pesa mtu usiyemjua. Uliza pia mambo matatu kabla ya tiketi ya kwanza: tiketi iliyoshinda inakaa siku ngapi kabla ya kufa, kiasi gani kinalipwa hapo dirishani na kiasi gani kinapelekwa ofisi kuu, na kama unaweza kulipwa kwenye ajansi yao nyingine. Karani anayejua kazi yake atajibu yote matatu bila kukasirika.

Kuna jambo la saa ambalo linawaumiza watu wetu wa mashariki na kusini. Lubumbashi, kama Goma na Bukavu, iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Kampuni yenye makao Kinshasa inaweza kuchapa saa ya mechi kwa saa ya kule. Nimeona mtu akigombana na karani kwamba mechi "imeanza baada ya saa yake", kumbe tiketi ilisoma saa tatu usiku na kwetu ilikuwa saa nne. Uliza mara moja tu saa yao ni ya wapi, utakuwa umemaliza.

Na tiketi ikichapwa, isome palepale kabla ya kuondoka dirishani: mechi, uliyemchagua, kiasi, saa. Makarani wanapiga namba kwa haraka, na kosa likigunduliwa baada ya mpira kuanza halirekebishwi. Umeme ukikatika wakati mashine inachapa, usitoe pesa nyingine hadi umeme urudi na karani akuonyeshe kama tiketi ya kwanza iliingia. Ndiyo maana ajansi yenye betri au jenereta ina faida halisi kwako kuliko yenye kiyoyozi.

Kuhusu ajansi za mjini kati, rafiki yako amekosea kwenye sababu ingawa ushauri wake una chembe ya ukweli. Watu "wanashinda sana" mjini kwa sababu wanaocheza pale ni wengi sana. Penye watu mia tano utaona washindi kumi kabla ya jua kuzama, penye watu ishirini utaona mmoja au hakuna. Kompyuta ni ileile, cote ni zilezile, mechi ni zilezile. Faida ya kweli ya mjini iko kwingine: kasha lina pesa, kuna msimamizi wa kuzungumza naye, na ofisi haihami usiku mmoja. Hasara nayo ipo. Ukitoka Katuba kwenda mjini kati na kurudi kwa basi ili kuweka franka 2,000, nauli imekula sehemu kubwa ya pari kabla mpira haujapigwa, na siku utakayoshinda utatembea na pesa kutoka mahali ambapo macho yote yamekuona ukihesabu. Kwa mtu kama wewe, naona afadhali ajansi ya ukubwa wa kati iliyo karibu na gereji yako, ambayo ina ofisi inayojulikana mjini. Unawekea karibu, na penye tatizo unajua pa kupanda.

Mtu wa daftari, hapana. Nakwambia kwa upole lakini bila kuzunguka. Cote yake ni kubwa kwa sababu halipi kodi, halipi mashine, halipi nyumba, na zaidi ya yote kwa sababu hakuna kinachomlazimisha kukulipa wewe. Yeye mwenyewe ndiye kampuni. Anakulipa papo hapo 5,000 na 10,000 kwa sababu hizo ndizo zinazomletea wateja wengine. Itafika Jumapili moja ambapo timu zote zinazopendwa zitashinda, atakuwa anadaiwa na mtaa mzima, na daftari ni lake, mwandiko ni wake, mfuko ni wake. Atakimbia, au atalipa marafiki wa karibu kwanza. Utamfuata na nini? Huna namba, huna karatasi, huna jina la kampuni. Wengi wa watu hawa hawaanzi kama wezi. Wanaanza wakiwa na mtaji mdogo na matumaini, kisha hesabu inawashinda.

Binamu yake wa kisasa ni yule kijana anayekuwekea pari kwenye simu yake. Unampa pesa taslimu, anacheza kwa akaunti yake, anakutumia picha. Elewa kwamba ushindi utaingia kwenye akaunti iliyosajiliwa kwa jina lake na utatoka kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money yake. Kisheria na kimashine, aliyeshinda ni yeye. Kwa 3,000 atakuwa mwaminifu. Usijaribu uaminifu wake kwa 300,000. Na picha ya tiketi inatengenezwa kwa dakika mbili kwenye simu yoyote.

Nimefika kwenye swali la tatu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa yako inapokwendea. Tuchukue mechi ya Mazembe na Lupopo, timu zetu mbili za Lubumbashi, na tuseme kwa mfano ajansi imeweka 2.10 Mazembe akishinda, 3.10 wakitoka sare, 3.20 Lupopo akishinda. Jaribu kufunika matokeo yote matatu ili upate franka 100,000 hata kitokee nini. Kwa Mazembe utaweka karibu 47,600. Kwa sare, karibu 32,300. Kwa Lupopo, 31,250. Jumlisha: umetoa zaidi kidogo ya 111,000 ili upokee 100,000. Hakuna matokeo ya nne. Zile 11,000 ndizo mshahara wa kampuni, na zimo ndani ya cote kabla wachezaji hawajavaa viatu. Kwa bei hizo, kwa kila franka 1,000 zinazowekwa, wastani zinazorudi kwa wacheza pari ni 900. Kampuni haihitaji kununua refa wala kujua nani atashinda. Inahitaji tu watu waendelee kuja.

Hiyo ni mechi moja. Wewe unacheza saba kwa tiketi moja, na watu wengi hawajui kwamba mshahara huo unakatwa kila mechi, juu ya uliokatwa tayari. Chukua 900 ya kila 1,000, kata tena asilimia kumi, kata tena, mara saba. Unabaki na karibu 480. Yaani kwenye tiketi za mechi saba, zaidi ya nusu ya pesa yako inabaki kwa kampuni, kwa wastani, miezi na miezi. Ndiyo sababu kampuni inakupa "bonus" ukiongeza mechi. Inakurudishia kidogo tu katika kile inachokata kwa wingi.

Najua utaniambia: lakini mimi nachagua vigogo, timu zenye cote ya 1.30, hizo hazianguki. Zinaanguka. Kwa hesabu ileile, timu ya 1.30 inashinda takriban mara 69 kati ya 100. Saba za namna hiyo zikiwa pamoja zinapita zote mara 1 kati ya 13, na tiketi inakulipa mara 6 na kidogo. Utalipia tiketi kumi na tatu ili urudishiwe bei ya sita. Mtu wa Lubumbashi hapaswi kushangaa kwamba kigogo anaanguka: tarehe 14 Desemba 2010 sisi ndio tulioiangusha Internacional ya Brazili 2–0 kwenye Kombe la Dunia la Vilabu kule Abu Dhabi, Mazembe ikaingia fainali. Sehemu mbalimbali za dunia, tiketi ngapi za "mechi ya uhakika" zilichanwa usiku ule?

Sasa tazama mfuko wako. Siku tano kwa 2,000 ni 10,000, mwisho wa wiki 5,000 mara mbili ni 10,000 nyingine. Wiki ni 20,000, wiki nne ni 80,000. Kwa tiketi za namna yako, wastani zinazorudi katika hizo ni chini ya 40,000. Hiyo 40,000 unayoidai kwa uchungu, na una haki ya kuidai, ni pesa uliyoweka mwenyewe ndani ya wiki mbili. Ndiyo maana nasema kwa moyo wote kwamba mke wako ameona kitu. Mahali pazuri patakuhakikishia kulipwa ulichoshinda. Hakuna dirisha Kamalondo, Kampemba wala mjini kati linaloweza kubadilisha asilimia ile.

Wauzaji wa "score exact", yaani matokeo kamili ya mechi, wa WhatsApp na Telegram wapite haraka. Wanawatumia watu mia matokeo haya, watu mia wengine matokeo yale, na wale waliopatiwa kwa bahati ndio wanaoombwa dola wiki inayofuata. Mwenye mechi iliyonunuliwa haiuzi kwa dola kumi. Na mechi za virtuel, zile zinazochezwa kwenye televisheni ya ajansi kila baada ya dakika chache, si mpira. Ni kompyuta inayochagua matokeo kwa bahati nasibu, ujuzi wako wa timu hauna kazi pale, na kasi yake inamaliza pesa ya wiki ndani ya saa moja. Ukiwa unangoja kulipwa, kaa umezipa mgongo.

Je, simu yako mwenyewe ni bora kuliko ajansi? Ina faida: pesa inaingia kwenye namba yako, historia yote unaiona, hakuna wa kukuambia kasha ni tupu. Lakini mtu anayecheza kila siku, simu inalala naye. Saa tano usiku, umepoteza, mechi ya Amerika Kusini inaanza, na M-Pesa ina pesa ya sukari ya kesho. Dirisha la ajansi linafungwa, na pesa taslimu ina mwisho wake mfukoni. Kwa ulivyojieleza, kama utaendelea kucheza, nakushauri ubaki na ajansi, uende siku moja tu kwa wiki na kiasi ambacho mke wako anakijua, uweke mechi moja au mbili badala ya saba, na usirudi kufukuza iliyopotea. Zile za siku nyingine zipeleke kwenye likelemba, yaani mchango wa kupokezana, ya mafundi wenzako. Zamu yako itafika na jumla ile yote itarudi, jambo ambalo tiketi haiwezi kukuahidi.

Kuna alama ambazo ukiziona, ushauri wa maandishi kama huu hautoshi. Fundi anapokea pesa ya wateja ya kununulia vipuri. Kama umewahi kuweka pari kwa pesa ya cheni au ya pistoni ya mtu ukitumaini kuirudisha jioni, kama unamficha mke kiasi, kama umekopa, kama unajaribu kuacha ukikasirika na kukosa usingizi, tafuta mtu wa kuzungumza naye uso kwa uso. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kama ugonjwa, umo kwenye orodha yao ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, kwa hiyo hutakwenda kuungama dhambi, utakwenda kutibiwa. Hapa Lubumbashi kuna kituo cha afya ya akili cha Dr Joseph Guislain cha Mabradha wa Upendo (Frères de la Charité). Msomaji wa Goma ana Tulizo Letu, wa Bukavu ana SOSAME. Watu wanaviogopa kwa sababu ya jina la ugonjwa wa akili, lakini mazungumzo na muuguzi hayamgeuzi mtu kichaa. Nenda na mke wako kama atakubali.

Kwa tiketi yako, nenda ofisi yao ya mji kesho asubuhi. Usingoje Jumamosi, siku hiyo msimamizi hana nafasi ya kukusikiliza. Beba tiketi, kopi yake, na kadi yako ya mpiga kura. Wakikataa au wakisema rudi, andika barua fupi: namba ya tiketi, tarehe, kioski, kiasi, siku ulizofika. Peleka nakala mbili, yako wapige muhuri kwamba wameipokea. Barua yenye muhuri mara nyingi inafungua kasha lililokuwa tupu. Ikishindikana, mawakili wa baraza la hapa wana ofisi ya ushauri wa bure, waulize kabla ya kufikiria mahakama ya biashara, kwa sababu kwa 40,000 gharama inaweza kupita deni. Na wakikulipa, hesabu noti mbele ya karani, na kama wanatoa dola uliza kwanza wanabadilisha kwa bei gani, na ikatae yenye mpasuko hata mdogo, maana sokoni hakuna atakayeipokea. Atakuuliza kama unataka tiketi nyingine kwa hizo hizo. Mwambie leo hapana.